Barua ya Chuo Imeandikwa kwa Nani?

Ilikuwa saa tatu kasoro usiku, umeme umerudi dakika chache tu, jirani yangu alipobisha hodi akiwa na bahasha ya kaki mkononi na binti yake nyuma yake. Mama huyu anauza chapati na maharage karibu na soko la Mabibo. Sufuria lake la maharage halifiki saa nne asubuhi. Binti amemaliza kidato cha nne, amepata C mbili na D zake nne, na amechaguliwa kujiunga na chuo kimoja cha kati kusomea mambo ya maabara.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Hongera sana.”

“Kaka, samahani kwa usiku huu,” mama akadakia. “Naomba unisomee hii barua. Huyu anasema ameielewa, lakini namuona anarukaruka.”

Barua ilikuwa na kurasa 11, zote kwa Kiingereza. Binti kweli alikuwa ameelewa mengi: tarehe ya kuripoti, koti jeupe, vyeti halisi na nakala zake, picha ndogo za rangi. Ada nayo aliijumlisha pamoja na michango yote, kitambulisho, mtihani, bima ya afya na umoja wa wanafunzi, akampa mama yake jumla kuu. Mama hakulala na jumla ile. Alikwenda kwa watu wa kausha damu, wakamwambia fedha ipo, aje kesho asubuhi, dhamana friji na kitanda.

Nilipofika ukurasa wa saba, chini kabisa, nikakuta sentensi moja inayosema ada inaweza kulipwa kwa awamu nne, na kwamba siku ya kuripoti inadaiwa awamu ya kwanza tu. Nikamsomea kwa Kiswahili. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akakaa kimya, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Kwa hiyo kesho nisiende?”

Nimetembea na swali lile tangu usiku huo. Sentensi iliyokuwa ikimtenganisha mama huyu na wakopeshaji ilikuwa na maneno yasiyozidi 20. Ingeandikwa kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza, isingegharimu chuo hata shilingi. Sidhani kama kuna mtu chuoni aliyekaa chini akaamua kumficha. Aliyeiandika barua ile alikuwa na msomaji wake kichwani, na msomaji huyo hakuwa muuza chapati wa Mabibo. Lakini anayelipa ada ni yeye.

Ubungo ni mahali pake pa kuuliza jambo hili. Wilaya yenyewe ni changa, ilimegwa kutoka Kinondoni mwaka 2016, lakini sensa ya 2022 iliikuta na watu 1,086,912, tayari imeshaipita Kinondoni iliyoizaa, ambayo ilihesabiwa watu 982,328. Na kwa vyuo imejaliwa. Mlimani kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mabibo kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kuna Chuo cha Maji, na kule Mloganzila kuna kampasi ya Muhimbili. Katikati yake vimejaa vyuo vya kati vya watu binafsi, vya afya, hoteli, uandishi wa habari, uhasibu na ualimu, ambavyo matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Manzese mpaka Kibamba. Kila msimu wa kuripoti, simama asubuhi kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichozinduliwa mwaka 2021. Utawaona wakishuka kwenye mabasi ya Rukwa, Kigoma na Singida, begi moja, ndoo yenye mfuniko, godoro limefungwa kamba. Wengi ni wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo cha aina yoyote. Hawana kaka wa kumuuliza maana ya barua.

Nami nilishuka hivyo hivyo, katika stendi ya zamani ya Ubungo, kabla daraja la juu halijajengwa. Natoka Kondoa. Nyumbani tulisema Kirangi, Kiswahili nilikinolea shuleni, na Kiingereza nilikifahamu kama ninavyofahamu barabara niliyopita usiku: najua inapoelekea, sijui kilicho pembeni. Siku ya kwanza darasani mwalimu alifundisha saa mbili kwa Kiingereza kitupu. Mwisho akauliza kama kuna swali. Tulikuwa zaidi ya 60. Hakuna aliyenyanyua mkono. Akakusanya karatasi zake akatoka, nadhani akiamini tumeelewa.

Tulikuwa na maswali, tena mengi mno. Kuuliza kungetudai tutunge kwanza sentensi ya Kiingereza mbele ya watu 60, na wengi wetu tulichagua kubaki na ujinga wetu kuliko kuchekwa.

Darasa la kweli lilianza jioni, chini ya mwembe, kwenye diskasheni. Mmoja wetu, aliyesoma sekondari nzuri, alikuwa akirudia somo zima kwa Kiswahili. Hapo ndipo mikono iliponyanyuka, watu wakabishana na kuchora chini kwa vijiti, na mtu aliyekuwa bubu tangu asubuhi akageuka mwalimu wa wenzake. Kisha ulipofika mtihani tulirudi kwenye madesa tukakariri aya za Kiingereza neno kwa neno, nukta na mkato, na waliokuwa na kumbukumbu nzuri wakafaulu. Wengine walipata sapu. Wengine walidisko. Hadi leo siamini kwamba waliodisko walikuwa na akili ndogo kuliko sisi tuliobaki.

Jambo hili limesemwa nchini mwetu kwa muda mrefu na kwa ushahidi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na kuendelea. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari na kukuta kwamba wengi hawawezi kujifunza chochote cha maana kwa lugha hiyo. Mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walichapisha kitabu kizima kuhusu mgogoro huo, na Qorro, aliyefundisha pale Mlimani, ameusemea kwa miaka mingi. Sera ya elimu ya 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likabakiza Kiingereza kuanzia sekondari. Sitaki kuurudia mjadala huo hapa, maana unaweza kuchukua miaka 40 mingine, na binti wa jirani yangu hana muda wa kuungoja.

Ninachotaka kusema ni kwamba chuo hakihitaji kungoja sera ili kimjue mwanafunzi wake. Hakuna sheria inayokataza barua ya kujiunga kuwa na kurasa mbili za Kiswahili mbele. Hakuna inayomkataza mwalimu kutumia dakika kumi za mwisho kusikiliza maswali kwa lugha ambayo mwanafunzi anaota nayo. Na maneno ya kitaalamu tunayo. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ambayo wakubwa bado tunaiita kwa jina lake la zamani, TUKI, ilishatoa kamusi za sayansi na tiba miaka mingi iliyopita, tena kutoka hapo hapo Mlimani, umbali wa daladala moja kutoka vyuo ninavyovisema. Nimeingia maktaba za vyuo kadhaa vya kati nikaulizia kamusi hizo. Katika maktaba moja mtunzaji alinijibu kwa upole kabisa kwamba hajawahi kuziona.

Kuna watu walikwisha kupita njia hii, mbali sana na hapa. Katika eneo la Bronx, jijini New York, miaka ya 1960 wazazi waliohamia kutoka Puerto Rico waliona watoto wao na wao wenyewe wakiachwa nje ya vyuo kwa sababu ya Kiingereza. Wakadai chuo chao. Mwaka 1968 kikaanzishwa, kikapewa jina la Eugenio María de Hostos, mwalimu na mwandishi mashuhuri wa Puerto Rico, na kikafungua milango mwaka 1970 katika jengo lililokuwa kiwanda cha matairi. Utaratibu wao ulikuwa rahisi kuueleza: mwanafunzi anaanza biolojia na historia kwa Kihispania huku akifundishwa Kiingereza kwa bidii, na kadiri Kiingereza chake kinavyokua ndivyo masomo yanavyohamia huko. Hakupoteza mwaka mzima akingoja lugha ifike ndipo elimu ianze. Jiji lilipokaribia kufilisika miaka ya 1970 na kutaka kukifunga, wanafunzi, walimu na majirani walilala ndani ya majengo yake kupinga, na hatimaye kikabaki. Kipo hadi leo.

Marekani walipitisha sheria, mwaka 1992, iliyokitambua kwa jina na kukitengea fungu chuo ambacho angalau robo ya wanafunzi wake wana asili ya Amerika ya Kilatini. Robo tu. Nilipoisoma niliiweka karatasi chini nikafikiri kuhusu sisi. Katika chuo cha kati cha Ubungo, Kiswahili ni lugha ya mwanafunzi, mlinzi wa getini, mhasibu, mpishi wa kantini na mwalimu mwenyewe akiwa ofisini. Hatuna robo, tuna karibu wote. Na bado mama analetewa kurasa 11 asizoweza kusoma.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu wanafunzi wenyewe ndio hulitoa kwanza: tunakitaka Kiingereza, ndicho kinachotafutwa kwenye usaili. Ni kweli, na binti yangu mwenyewe nampigania akijue. Lakini kukijua Kiingereza ni kufundishwa Kiingereza, kwa mwalimu wa lugha, vipindi vya kutosha, kuandika na kusahihishwa. Kumwagiwa fiziolojia kwa lugha usiyoimudu hakukufundishi lugha wala fiziolojia. Hostos walifundisha vyote viwili kwa sababu walivitenganisha.

Tuiache lugha, tuje kwenye tumbo na nauli, maana huko ndiko wengi wanakoangukia.

Chukua kijana aliyepanga geto Kibamba kwa sababu vyumba vya karibu na chuo vimemshinda. Anaamka saa kumi na moja, anapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi. Nauli nafuu ya daladala ni ya aliyevaa sare ya shule, na yeye hana sare. Mchana anapiga pasi ndefu: chai hakuna, chakula cha mchana hakuna, anakula mara moja jioni. Bando la kupakua madesa linatoka humo humo. Mkopo wa serikali, ambao kwa miaka ulikuwa wa vyuo vikuu, ulianza kuwafikia wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani za kipaumbele kama afya, usafirishaji, nishati, kilimo na ualimu. Ni hatua kubwa, na naipongeza kwa dhati. Lakini bumu halijawafikia walio wengi, na anayeanza ngazi ya cheti hana pa kulishikia kabisa.

Kisha unafika mtihani. Kijana anadaiwa sehemu ndogo ya ada, jina lake halipo kwenye orodha ya mlangoni, anarudi geto. Wiki mbili baadaye hayupo chuoni.

Katika darasa letu alikuwepo mmoja wa aina hiyo. Tulikaa naye benchi moja muhula wa kwanza wote, mtu wa Tabora, hodari wa hesabu kuliko sisi sote. Muhula wa pili hakurudi. Jina lake liliitwa kwenye mahudhurio siku tatu au nne, halafu likaacha kuitwa. Hakuna aliyempigia simu, na sisi marafiki zake tukiwemo, kila mmoja akidhani mwenzake anajua aliko. Miaka minne baadaye nilipanda daladala ya Kimara, konda akakataa nauli yangu. Nilipomtazama usoni nikamjua. Aliniambia alikuwa anadaiwa shilingi 80,000. Alizipata mwezi mmoja baada ya mitihani, akaona aibu kurudi.

Jiji lile lile la New York, mwaka 2007, lilianza mpango katika vyuo vyake vya jamii uitwao ASAP. Wanafunzi walifidiwa pengo la ada, wakapewa kadi za usafiri wa treni na basi bure na msaada wa vitabu, na kila mmoja akapewa mshauri mwenye wanafunzi wachache, ambaye kazi yake ni kumfahamu na kumfuatilia. Watafiti walipowalinganisha na wenzao waliopatikana kwa bahati nasibu, baada ya miaka mitatu waliohitimu kwenye mpango walikuwa asilimia 40, na nje ya mpango asilimia 22. Kila mwanafunzi aligharimu zaidi, lakini gharama ya kumpata mhitimu mmoja ilikuwa ndogo, kwa sababu wachache zaidi walipotelea njiani. Nikiangalia orodha ile, kitu ambacho chuo cha Mabibo au Kimara kinaweza kukianza bila mfadhili ni simu. Mtu mmoja, daftari moja, na kanuni kwamba asiyeonekana siku tatu anapigiwa siku ya nne. Kwa konda wangu wa Kimara simu moja ingetosha.

Haya si mageni kwetu, na naona uchungu tunapoyasahau. Mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, tulianza kujenga Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo leo vipo 54. Vilifundisha kwa Kiswahili, useremala, ushonaji, kilimo, umeme, pamoja na siasa na uraia, na havikumuuliza mtu alifeli lini. Miaka michache kabla yake, 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni mbili kwenye vikundi vya redio kujifunza kuhusu malaria, kichocho na vyoo, kwa lugha yao, jioni baada ya kazi. Walichimba vyoo kweli. Elimu ya sayansi kwa Kiswahili tumeshaifanya, kwa wingi ambao hakuna chuo chetu cha leo kinachoukaribia.

Na vyuo hivyo vya wananchi vimeshafanya jambo ambalo ningependa kuliona kila chuo cha Ubungo. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, vimewapokea wasichana waliokatisha masomo, wengi wao wakiwa mama tayari, na kuwafungulia kituo cha kulelea watoto ndani ya chuo. Mama yuko darasani, mtoto yuko mita 50 kutoka hapo, saa nne anatoka kumnyonyesha. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shule. Walioruhusiwa siku ile sasa wanafika umri wa vyuo vya kati, na watoto wao wanatembea. Nimepita vyuo vingi vya mjini. Nimeona kantini, steshenari, duka la vocha. Chumba chenye mkeka na vikombe vya watoto sijakiona.

Kuna mafundi pia. Pita Manzese, Mburahati, Sinza Kumekucha, utamkuta fundi wa miaka 35 anayefungua injini akiongea na simu, hana cheti hata kimoja, hana zile D nne zisizo za dini zinazotakiwa na vyuo, na hawezi kuacha gereji saa mbili asubuhi kwenda kukaa darasani. VETA wana utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa mtu kama huyu: wanampima kwa kazi yake, wanamjazia mapengo, wanampa cheti. Wengi niliowauliza gerejini hawajausikia. Utangazwe pale pale wanapokaa, na vipindi viwe vya jioni na Jumamosi.

Binti wa jirani yangu aliripoti. Mama alilipa awamu ya kwanza kwa fedha ya mchezo aliopokea mwezi ule, na friji ipo mahali pake. Jumamosi iliyopita asubuhi nilikwenda kununua chapati nikamkuta yeye na wenzake watatu wamekaa kwenye benchi la wateja, madaftari magotini, wanafanya diskasheni. Walikuwa kwenye asidi na besi, mmoja anasoma kwa Kiingereza, wengine wanabishana kwa Kiswahili. Mama alikuwa anageuza chapati, amewapa mgongo.

“Hicho kinachopunguza ukali wa asidi,” akauliza bila kugeuka, “mfano wake ni kama nini?”

Wakatazamana. Binti akapekua daftari. “Kuna hii imeandikwa hapa, mama, sodiamu bikaboneti.”

“Ndiyo nini hiyo?”

Akafikiri kidogo, akatazama sufuria la maharage, kisha pakiti ndogo iliyokuwa imelala kando ya chumvi. “Ni ndugu yake magadi, mama. Haya unayotia kwenye maharage.”

“Sasa si ungesema,” mama akasema, akaipindua chapati. Binti alikuwa ameinama, anaandika kitu pembeni ya daftari lake.